Mashine ghali ya kuosha vyombo haioshi zaidi, inanyamaza zaidi

Mwaka 2025 lilizuka mtandaoni lalamiko ambalo mpaka leo linarudi kila watu wanapozungumzia vifaa vya jikoni. Mtu amenunua mashine mpya ya kuosha vyombo, ameifunga, ameiwasha, kisha akagundua kwamba baadhi ya programu zake za kuoshea, ikiwamo ile ya kusuuza tu, hazina kitufe. Kuzifikia sharti aiunganishe mashine na Wi-Fi, apakue programu ya kampuni kwenye simu na afungue akaunti. Tangu hapo wabishi wamegawanyika. Wapo wanaosema hayo ndiyo malipo ya kupenda makubwa: nunua ya kawaida yenye vitufe vyake vitatu uishi kwa amani. Wengine wanajibu kwamba dunia ndiko inakoelekea, na anayetaka vyombo ving'ae lazima agharamie. Mimi naona kambi zote mbili zimejenga juu ya msingi mmoja uliopinda, yaani imani kwamba bei ikipanda, usafi nao unapanda.

Haupandi, au unapanda kidogo mno kulingana na fedha inayotolewa. Ukiweka mashine ya kawaida kando ya ile ya daraja la juu, zote nzima, zote zimepangwa vizuri na kutiwa sabuni ile ile, usafi wa sahani ndicho kitu kitakachotofautiana kidogo kuliko vyote. Tofauti ya kweli iko kwenye kelele, ukaushaji, vichanja, kinga ya maji kumwagika sakafuni, na siku hizi programu za kompyuta zilizomo ndani. Vile vinne vya kwanza ni vitu vya chuma na mpira ambavyo mtu anaweza kuvikagua na kuamua kama nyumba yake inavihitaji. Hicho cha tano ni biashara nyingine kabisa, na kosa la mjadala wa sasa ni kuvitia vyote kwenye kapu moja linaloitwa "ya kisasa" na kulikubali au kulikataa zima zima.

Mashine hizi si ngeni kama zinavyotangazwa. Josephine Cochrane wa jimbo la Illinois, Marekani, alipata hataza, yaani hati ya haki ya uvumbuzi, ya mashine yake Desemba 28, 1886, na mwaka 1893 mashine zake zilikuwa kazini kwenye maonyesho makubwa ya Chicago. Wazo lake lilikuwa kuvitenga vyombo kwenye vichanja vya waya, kila kimoja mahali pake, kisha kuvirushia maji ya moto ya sabuni kwa nguvu. Ni wazo hilo hilo linalouzwa leo kwa madaraja yote. Ukifunga mlango na kubonyeza, vali inafunguka na maji yanaingia, machache kuliko watu wengi wanavyodhani, lita tatu au nne hivi, yakakusanyika chini ya chujio. Hita inayapasha. Pampu inayanyonya na kuyasukuma kwenye mikono yenye matundu, na kwa kuwa matundu hayo yamekatwa kwa mshazari, maji yanapofyatuka yanausukuma mkono kinyume nao unazunguka. Hauna mota yake. Maji yanapiga sahani, yanateremka na uchafu, yanapita kwenye chujio na kurudi kwenye pampu, tena na tena, mpaka pampu ya pili iyatoe nje na maji mapya yaingie. Kipande cha njiti ya meno kikikwama kwenye tundu la mkono wa juu, glasi zilizokuwa zikitegemea maji ya tundu hilo zitatoka na ukungu, na njiti haiulizi mashine ilinunuliwa shilingi ngapi.

Mwaka 1959 mkemia Mjerumani Herbert Sinner alieleza kwamba usafishaji wowote unasimama juu ya mambo manne: kemikali, joto, muda na nguvu ya kusugua au kupiga. Ukipunguza kimoja, vingine vifidie. Mpaka leo sijaona kipimo kizuri kuliko hicho cha kupimia matangazo ya mashine hizi. Kemikali ni sabuni, ambayo unainunua wewe kando, na mwenye mashine ya kawaida anaweza kutumia kidonge kile kile anachotumia jirani mwenye ya ghali. Ndani ya sabuni hizo mna vimeng'enya vinavyovunja protini na wanga, na ndivyo vinavyobeba mzigo mkubwa wa kazi hasa tangu fosfeti, kemikali zilizokuwa zikitiwa kwenye sabuni hizo, zilipobanwa na sheria. Umoja wa Ulaya uliweka kikomo cha fosfeti kwa sabuni za mashine za vyombo za majumbani kuanzia Januari 2017. Joto linatoka kwenye hita, na hata mashine ya chini kabisa ina hita. Muda haulipiwi. Programu ya kubana matumizi inayochukua saa tatu na zaidi, ambayo wengi huiona kama hitilafu, inafanya hivyo kwa makusudi: imepunguza joto, kwa hiyo inawapa vimeng'enya muda wa kula uchafu taratibu. Inabaki nguvu ya maji, na hapo mashine ya juu inaweza kuwa na pampu inayobadili kasi au mkono wa ziada unaolenga masufuria. Hiyo ni robo ya mambo, na hata ndani ya robo hiyo namna ulivyopanga vyombo ina uzito kuliko mkono wa ziada. Bakuli lililofunika bakuli halifikiwi na maji hata kwa pampu ya namna gani.

Wauzaji watakwambia kuna sensa, yaani kihisi cha uchafu wa maji. Ni kweli, na ni kitu kizuri: taa ndogo inamulika maji yaliyotumika, na kifaa kinapima mwanga unaopenya. Maji yakiwa machafu, mashine inaongeza mzunguko. Yakiwa safi, inafupisha. Lakini sensa hiyo imeshashuka hadi kwenye mashine nyingi za bei ya wastani, tena inafanya kazi yake ukichagua programu ya kujiendesha. Anayebonyeza programu ile ile ya joto kali kila siku amelipia kifaa asichokitumia.

Basi fedha ya ziada inakwenda wapi? Kwa sehemu kubwa inakwenda kwenye ukimya, na hapa ndipo mashine ghali inapostahili heshima. Lebo ya Umoja wa Ulaya inazipanga mashine kwa kelele kuanzia A, chini ya desibeli 39, hadi D, desibeli 51 na kuendelea. Namba hizo zinadanganya macho kwa kuonekana zinakaribiana. Kipimo cha desibeli hakiendi kwa kujumlisha kama kilo au mita. Kila desibeli 3 zinazoongezeka ni nguvu ya sauti iliyojirudia mara mbili, na desibeli 10 zikipungua, sikio la kawaida linasikia kama kelele imekatwa nusu. Kwa hiyo mashine ya 52 na mashine ya 42 zimeachana mno: moja itakulazimisha kupandisha sauti ya redio, nyingine utainama kuangalia taa ili ujue kama inafanya kazi. Ukimya huo unatengenezwa kwa vitu vinavyoshikika: mota isiyo na brashi, mikeka mizito ya lami iliyobandikwa nje ya sanduku la chuma, tabaka la sufi, mlango mzito. Vina gharama halali. Hata hivyo thamani yake inategemea nyumba. Kama jiko limeungana na sebule, au mtu analala chumba cha pili wakati mashine inaenda usiku, desibeli hizo kumi zina faida kuliko kitu kingine chochote kwenye orodha. Kama jiko lina mlango na mlango unafungwa, umelipia ukimya wa kusikilizwa na masufuria.

Ukaushaji ni jambo la pili, na ndilo lenye ujanja mwingi wa kibiashara. Glasi na kauri hutunza joto la suuzo la mwisho, maji yakayeyuka yenyewe. Plastiki haitunzi, ndiyo maana visanduku vya plastiki hutoka vinatiririka hata kwenye mashine za kifahari. Sanduku la chuma cha pua linasaidia, kwa kuwa mvuke unageuka maji kwenye kuta zake na kuteremka, na katika masoko ambako mashine za chini bado zina sanduku la plastiki tofauti inaonekana wazi. Juu zaidi kuna mashine zenye madini ya zeolaiti yanayofyonza unyevu na kutoa joto. Ni ubunifu wa kweli, na unakaribia kuishinda plastiki. Chini ya hapo kuna mlango unaojifungua wenyewe mwisho wa kazi. Unafaa sana kama mashine inamaliza kazi umelala, lakini tuseme ukweli, mkono wako nao unaweza kuufungua mlango. Tena watu wengi wanaolalamikia vyombo vyenye maji hawajawahi kujaza dawa ya kusuuzia, kile kimiminika kinachofanya maji yateleze badala ya kushika matone. Chupa moja ya dawa hiyo huziba sehemu kubwa ya pengo ambalo muuzaji anataka uzibe kwa kupanda daraja.

Vichanja havihitaji maneno mengi: nenda dukani na sufuria lako kubwa, au angalau na vipimo vyake, uone kama kichanja cha juu kinapanda na kushuka. Kichanja cha tatu cha vijiko na uma kinatoa nafasi chini. Mengine ni mapambo.

Viko vitu viwili ambavyo ningevilipia bila kusita, na cha ajabu ndivyo visivyotajwa sana. Cha kwanza ni vali ya usalama iliyoko kwenye mpira wa kuingizia maji, upande wa bomba. Mashine nyingi zina kielea kwenye trei ya chini kinachohisi maji yamevuja na kuisimamisha mashine, lakini mpira wenyewe ukipasuka katikati, kielea hakina habari. Vali ya mwanzo wa mpira hufunga maji kabla hayajaingia. Anayekaa ghorofa ya nne, na mtu chini yake, hahitaji kuelezwa zaidi. Cha pili ni kilainishi cha maji kinachotumia chumvi. Maji magumu huacha chokaa kwenye hita, kwenye matundu ya mikono na kwenye glasi, na chokaa ikitanda juu ya hita joto linapita kwa shida. Katika baadhi ya masoko kilainishi kimo hata kwenye mashine za chini kabisa. Kwengine ni lazima ukitafute. Kama maji yako ni magumu, mashine ya kawaida yenye kilainishi itaishinda ya kifahari isiyo nacho, na hapo ngazi ya bei inapinduka miguu juu.

Hoja inayotumiwa zaidi kutetea mashine ghali ni kwamba inajilipa kwa kuokoa maji na umeme. Hiyo ndiyo dhaifu kuliko zote, na tuipime kwa namba. Kwa lebo ya Ulaya iliyoanza Machi 2021, mashine ya upana wa sentimita 60 yenye daraja A la matumizi ya umeme hutumia takriban yuniti 54 za umeme kwa mizunguko 100 ya programu ya kubana matumizi. Ya daraja E, takriban yuniti 95. Pengo ni yuniti 41 hivi. Nyumba inayoosha mara 280 kwa mwaka itaokoa kama yuniti 115. Chukua bei ya yuniti unayolipa, zidisha, kisha gawanya tofauti ya bei za mashine zenyewe kwa jibu ulilopata. Mara nyingi utapata miaka inayokaribia umri wa mashine au kuupita. Maji ndiyo kabisa: mashine za madaraja yote mawili zinacheza kwenye lita tisa, kumi hivi kwa mzunguko. Halafu bei ya juu si dhamana ya daraja A. Zipo mashine za kifahari zenye C na D, kwa sababu fedha imekwenda kwenye ukimya na sura. Na lebo yenyewe inapima programu moja tu. Anayenunua daraja A kisha akatumia programu ya haraka au ya nyuzi 70 kila siku, lebo ile haimhusu. Akiba kubwa haimo katika kuchagua mashine, imo katika kuijaza kabla ya kuiwasha na kuacha tabia ya kusuuza kila sahani kwenye bomba kwanza. Kwangua mabaki, basi. Vimeng'enya vinahitaji kitu cha kula.

Upande wa pili una hoja yake pendwa: ya kawaida haina mambo mengi, kwa hiyo haiharibiki. Hii ina nusu ya ukweli. Ni kweli kwamba kioo cha kugusa, mlango unaojifungua na taa zinazomulika sakafu ni vitu vya ziada vinavyoweza kufa. Lakini anayedhani mashine ya kawaida ya leo ina swichi ya kuzungusha ya kizamani yenye meno na chemchemi, aifungue aone. Ina bodi ya umeme kama dada yake, na umeme ukiruka, bodi zote mbili zinaungua sawasawa. Kampuni nyingi hujenga mashine za bei tofauti juu ya umbo moja la ndani, zikitofautisha mlango, vichanja, vizuia sauti na programu. Ukishalijua hilo, swali la uimara linahama kutoka kwenye daraja na kwenda kwenye vipuri: pampu ya mfano huu inapatikana? Fundi anaifahamu? Kanuni za Ulaya zilizoanza 2021 zinawataka watengenezaji waweke pampu, hita na bodi kwa mafundi kwa angalau miaka 7, na vitu kama raba za mlango, mikono ya kurushia maji na vichanja kwa miaka 10, baada ya mashine ya mwisho ya mfano huo kuingizwa sokoni. Kanuni hizo hazijali ulinunua ya chini au ya juu. Wanaoishi nje ya mipaka hiyo hawana kinga hiyo kisheria, na kwao mfano unaouzwa kwa wingi, ambao spea zake zimejaa madukani, una faida kubwa kuliko mfano adimu wa kifahari. Hapo namuunga mkono mtetezi wa mashine ya kawaida, ingawa kwa sababu tofauti na yake.

Sasa turudi kwenye simu na Wi-Fi, maana hapo ndipo mjadala ulipowashwa na hapo ndipo unapopotoka zaidi. Si haki kusema mashine iliyounganishwa haina faida. Mahali ambapo umeme wa usiku ni nafuu, kuipangia saa kutoka mbali kuna maana. Mtu asiyeona vizuri anaweza kuiamuru kwa sauti, jambo ambalo kioo laini cha kugusa kimemnyima. Fundi anaweza kusoma hitilafu kabla hajapanda pikipiki. Hizi ni faida za kuongeza mlango wa pili. Lalamiko la 2025 lilihusu kuziba mlango wa kwanza: programu imo ndani ya mashine, hita yake ipo, pampu yake ipo, ila kitufe hakikuwekwa. Na kitu ambacho kambi zote mbili zilikiruka ni kwamba mashine ile haikuwa ya kilele. Ilikuwa ya daraja la kati. Za juu zaidi zina nafasi na bajeti ya kioo na vitufe vyake. Za chini zina programu chache, kila moja na kitufe chake. Katikati ndiko kampuni inakotaka kutangaza programu nyingi bila kugharamia paneli ya kuziendesha, na simu yako inakuwa paneli hiyo bila malipo. Kwa hiyo ule ushauri wa kale wa kununua ya katikati ili usikose huku wala kule, kwa kifaa hiki, una hatari yake mpya.

Matokeo yake hayaishii kwa mnunuzi wa kwanza. Pampu inaweza kuishi miaka kumi na zaidi. Hakuna anayeweza kukuahidi programu ya simu ya miaka kumi, wala simu itakayoikubali. Maelekezo ya Umoja wa Ulaya ya 2024 kuhusu ukarabati wa bidhaa, ambayo nchi wanachama zilipewa hadi Julai 31, 2026 kuanza kuyatumia, yanazitaja mashine za kuosha vyombo kwa jina na kuwabana watengenezaji wakubali kuzikarabati kwa bei ya kuridhisha. Ni hatua kubwa kwa chuma na mpira. Lakini kampuni ikizima seva yake, hakuna kilichovunjika ambacho fundi anaweza kukibadilisha. Mashine ni nzima, ila imepungukiwa programu mbili tatu. Vivyo hivyo kwa mpangaji anayeikuta mashine kwenye nyumba, imesajiliwa kwa akaunti ya mtu aliyehama, na kwa anayeinunua mkononi bila nenosiri la akaunti ya mwenye wa zamani. Soko la mitumba ndilo lililokuwa likiwapa watu wa kipato cha kawaida mashine za kimya na imara kwa bei wanayoiweza, na ndilo litakaloumia kwanza.

Hivyo kabla ya kuuliza "ya kawaida au ya juu", tafuta kitabu cha maelekezo cha mfano unaoutaka. Kampuni nyingi hukiweka kwenye tovuti yao, na kinasomwa kabla fedha haijatoka. Fungua ukurasa wenye jedwali la programu na utazame ni zipi zinazoanza kwa kitufe na zipi zenye alama ya simu. Kisha angalia ukurasa wa kufunga mashine, ambako aina ya mpira wa maji na shinikizo la bomba linalotakiwa huwa vimeandikwa, na ukurasa wa chumvi, kama upo.